Ronaldo na Ten Hag: mkubwa anapoambiwa akae kwenye benchi

Tarehe 22 Novemba 2022, Manchester United ya Uingereza ilitoa tangazo fupi sana: Cristiano Ronaldo anaondoka, pande zote mbili zimekubaliana, na mambo yanakwisha siku hiyo hiyo. Hakukuwa na mechi ya kuagana wala mashabiki kusimama na kumpigia makofi. Mchezaji wa miaka 37, mwenye Ballon d'Or tano nyumbani kwake, alitoka kwa mlango wa nyuma. Wiki tano baadaye, tarehe 30 Desemba, Al Nassr ya Saudi Arabia ilimwonyesha ulimwengu akishika jezi ya manjano yenye namba 7.

Miaka imepita, lakini ubishi haujakwisha. Goma, Bukavu, Bunia, Beni, kwenye vibanda vya video na pembeni ya redio moja inayosikilizwa na familia nne au tano, jina la Ronaldo likitajwa tu watu wanagawanyika. Wengine wanasema kocha Erik ten Hag alimdharau mkubwa. Wengine wanajibu kwamba hakuna mtu aliye juu ya ekipe, hata kama jina lake linajulikana mpaka kijiji cha mwisho.

Watu wanabishana kwa moyo kwa sababu jambo hilo wanalijua hata nje ya mpira. Katika familia zilizokimbia vita kuna baba aliyekuwa na shamba, ng'ombe na sauti mbele ya watu. Leo anapanga mstari, na kijana mwenye orodha mkononi anamwambia asubiri, jina lake bado. Baba huyo hajawa mtu mwingine. Ila mahali alipo sasa, heshima ya jana haimpi nafasi ya mbele. Anayemtazama Ronaldo kwenye benchi, bibu limevaliwa na uso umekunjwa, anaweza kumkumbuka mtu wa nyumbani kwake.

Ronaldo alifika Manchester mara ya kwanza mwezi wa Agosti 2003, kijana wa miaka 18 kutoka Sporting ya Lisbon. Alipewa namba 7, na namba hiyo ilikuwa na historia ya karibu sana. David Beckham alikuwa ametoka kuivua. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, baada ya kushindwa na Arsenal katika Kombe la FA, kocha Alex Ferguson alipiga kiatu kwa hasira katika chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kikampata Beckham juu ya jicho. Miezi michache baadaye Beckham aliuzwa Real Madrid. Kwa hiyo nafasi ya Ronaldo katika klabu hiyo ilifunguka baada ya nyota mwingine kugongana na kocha mkali. Wakati huo yeye ndiye alikuwa kijana aliyefaidika.

Alikaa miaka sita chini ya Ferguson, akashinda ligi mara tatu na Ligi ya Mabingwa mwaka 2008, kisha Real Madrid ikamnunua mwaka 2009 kwa pauni milioni 80. Huko Uhispania alifunga mabao 450. Baadaye alicheza miaka mitatu Juventus ya Italia, na mwezi wa Agosti 2021 akarudi Manchester. Mwaka wake wa kwanza wa kurudi alifunga mabao 24, akiwa mfungaji bora wa timu. Lakini timu yenyewe ilimaliza nafasi ya sita na kukosa Ligi ya Mabingwa. Mashindano hayo ndiyo yaliyomjengea jina, na sasa hangeyacheza.

Kuna jambo lingine ambalo wabishi wengi hulisahau. Mwezi wa Aprili 2022 mwenzake alijifungua mapacha, na mtoto wa kiume akafariki. Siku iliyofuata, Manchester ilipocheza na Liverpool bila yeye, mashabiki wa uwanja wa Anfield, ambao kwa kawaida ni mahasimu wakubwa, walisimama dakika ya 7 wakapiga makofi kumfariji. Mwezi wa Julai, wenzake walipokwenda Thailand na Australia kujiandaa na msimu, yeye alibaki kwa sababu za kifamilia. Baadaye alisema binti yake aliyebaki alikuwa mgonjwa, na kwamba wakubwa wa klabu hawakumwamini sana. Mzazi aliyezika mtoto anaweza kuelewa neno hilo lilivyomchoma.

Wakati huo huo kocha mpya alikuwa amefika. Erik ten Hag, Mholanzi, alitoka Ajax, timu aliyoifikisha nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019. Mpira wake una sharti moja kubwa: mkipoteza mpira, kila mmoja anakimbia kuutafuta, na wa kwanza kukimbia ni mshambuliaji. Kwa mtu wa miaka 37 anayehifadhi nguvu zake kwa ajili ya sekunde moja mbele ya goli, sharti hilo ni zito.

Ten Hag alikuwa pia mtu wa sheria na saa. Mwezi wa Agosti 2022 timu ilipofungwa 4-0 na Brentford, aliwarudisha wachezaji uwanjani siku iliyofuata, siku ya joto, wakakimbia kilomita 13,8, kwa sababu Brentford walikuwa wamewazidi umbali huo katika mechi. Yeye mwenyewe alikimbia pamoja nao. Mechi iliyofuata, dhidi ya Liverpool, Ronaldo aliwekwa benchi, na Manchester ikashinda 2-1. Kuanzia hapo mambo yakawa magumu kwake, kwa maana matokeo yalikuwa yanampa kocha haki.

Tarehe 2 Oktoba Manchester City iliwafunga 6-3. Ronaldo hakuingia hata dakika moja. Ten Hag alieleza kwamba hakumwingiza kwa heshima ya kazi yake kubwa, mechi ikiwa imekwisha kuharibika. Hapa ndipo wabishi wanapaza sauti. Je, hiyo ilikuwa heshima? Kumwambia mtu aliyezoea kuokoa timu kwamba leo haitaji kuokoa kitu, na hayo kuyasema mbele ya waandishi wa habari, kunaweza kusikika kama heshima kwa anayesema na kama tusi kwa anayesikia.

Wiki moja baadaye Ronaldo aliingia dhidi ya Everton na kufunga bao lake la 700 katika vilabu. Lakini tarehe 19 Oktoba, Manchester ikiongoza 2-0 dhidi ya Tottenham, kocha alimtaka aingie mwishoni mwa mechi, naye akakataa. Kabla filimbi haijapulizwa, aliinuka, akapita pembeni ya uwanja na kuingia ndani peke yake. Kamera zote zikamfuata. Ten Hag akamwacha nje ya mechi na Chelsea na kumfanyisha mazoezi peke yake.

Wengi wanafikiri mlango ulifungwa siku ile. Sivyo. Siku chache baadaye alirudishwa, akaanza dhidi ya Sheriff ya Moldova na kufunga. Tarehe 6 Novemba, dhidi ya Aston Villa, kocha yule yule alimpa kitambaa cha kapteni. Adhabu ilikuwa imetolewa na kwisha, na mtu alikuwa amerudishiwa nafasi yake. Walioona kitambaa kile mkononi mwake walidhani wamepatana.

Halafu ikaja televisheni. Wiki iliyofuata, mahojiano yake na Mwingereza Piers Morgan yalianza kutoka. Ronaldo alisema klabu ilikuwa imemsaliti, na kwamba hamheshimu Ten Hag kwa sababu naye hamheshimu. Huenda baadhi ya malalamiko yake yalikuwa ya kweli: alisema tangu Ferguson aondoke klabu haijasonga mbele, na mashabiki wengi wa Manchester wenyewe walikuwa wanasema hivyo. Lakini neno likishatangazwa kwa dunia nzima, halirudi tena kuzungumzwa chumbani. Klabu haikubaki na njia nyingine.

Kama ingekuwa ni Ten Hag peke yake, mtu angesema kocha alimchukia. Lakini Kombe la Dunia la Qatar lilileta shahidi mwingine. Ronaldo alifunga penalti dhidi ya Ghana na kuwa mwanamume wa kwanza kufunga katika Kombe la Dunia tano. Kisha tarehe 6 Desemba kocha Fernando Santos, aliyebeba naye Kombe la Ulaya mwaka 2016, naye akamweka benchi. Kijana aliyechukua nafasi yake, Gonçalo Ramos, akafunga mabao matatu, na Ureno ikaipiga Uswisi 6-1. Siku nne baadaye Morocco iliitoa Ureno kwa bao moja. Afrika nzima ilishangilia, na Ronaldo akaonekana akiingia ndani analia. Makocha wawili tofauti, katika miezi miwili, walikuwa wamefika kwenye uamuzi mmoja.

Riyadh ilimpokea kama mfalme. Lakini hata huko, kiti chake kilikuwa na mwenyewe: idadi ya wageni katika timu ilikuwa na mpaka, na Mkameruni Vincent Aboubakar, aliyefunga bao dhidi ya Brazil wakati wa Kombe la Dunia lile lile, akaondoka Al Nassr kwenda Besiktas ya Uturuki. Ronaldo aliendelea kufunga: mabao 35 katika ligi ya msimu wa 2023-2024, rekodi ya ligi hiyo. Nyota wengine wakamfuata mwaka 2023, wakiwemo Karim Benzema, Sadio Mané na Riyad Mahrez. Ila katika misimu yake ya kwanza huko, mpaka katikati ya 2025, ubingwa wa ligi haukumfikia.

Na Ten Hag? Alimaliza wa tatu msimu ule, akachukua Kombe la Ligi mwaka 2023 na Kombe la FA mwaka 2024, kisha akafukuzwa mwezi wa Oktoba 2024. Wahenga wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa fahali wote wawili walitoka, na zizi likabaki na matatizo yake.

Ubishi wa nani alishinda hauna mwisho. Afadhali kuwatazama wengine walioambiwa wakae. Katika timu hiyo hiyo alikuwemo Aaron Wan-Bissaka, mzaliwa wa London mwenye asili ya Kongo, ambaye mwaka 2025 alichagua kuvaa jezi ya Léopards. Kabla ya Kombe la Dunia lile Ten Hag alikuwa hamchezeshi kabisa isipokuwa dakika chache, na watu walikuwa wanasubiri kuuzwa kwake. Alinyamaza, akafanya mazoezi, na kuanzia Desemba akairudia nafasi yake. Marcus Rashford alichelewa kikao siku ya mwisho ya 2022 kwa sababu ya usingizi. Ten Hag akamwanzisha benchi dhidi ya Wolverhampton. Aliingia kipindi cha pili na kufunga bao la ushindi.

Na kuna Beckham tena. Januari 2007, akiwa na miaka 31 huko Real Madrid, alikubali kwenda Los Angeles Galaxy. Kocha Fabio Capello, Mwitaliano mkali kuliko wengi, alitangaza kwamba Beckham hatacheza tena mechi hata moja, atafanya mazoezi tu. Hayo yalisemwa hadharani, mbele ya dunia. Beckham alikwenda mazoezini kila siku. Haujapita mwezi, Capello akamwita tena. Akafunga kwa mpira wa adhabu dhidi ya Real Sociedad, na mwezi wa Juni Madrid ikatwaa ubingwa akiwa ndani. Capello alikubali kwamba alikuwa amekosea. Beckham aliondoka kwenda Amerika kama alivyopanga, ila aliondoka akiwa bingwa, na watu wakimwomba abaki.

Tofauti ya Beckham na Ronaldo haiko katika kuonewa, kwa sababu Beckham ndiye aliyeambiwa neno baya zaidi. Wala haiko katika kuondoka, maana wote wawili waliondoka na wote wawili walipata fedha nyingi. Tofauti ni pale kila mmoja alipopeleka hasira yake.

Hata hivyo mzigo wote usiwekwe juu ya mkubwa. Kocha pia ana deni. Mtu aliyefunga mamia ya mabao hafai kusoma uzee wake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Aitwe kando, aelezwe kwa maneno, kabla majirani hawajajua. Ni hivyo pia kwa kijana anayeita majina kwenye mstari wa chakula: dakika moja ya kumsalimia mzee kwa jina lake na kumweleza kwa nini anasubiri haiongezi gunia, lakini inamfanya mzee arudi kwenye hema lake akiwa bado ni baba wa watu.

Na mzee naye, akiona ameonewa, ana njia: amwone mkubwa wa kambi, aongee na wazee wenzake, adai haki yake mpaka asikilizwe. Mlango ukiwa bado wazi, hata kidogo, apitie hapo kwanza. Redio ipo, na itamsikiliza siku milango yote itakapofungwa.