Mvua ya Mawe na Lori la Ruziba

Kule Ruziba, kusini mwa mji wa Bujumbura, ambako barabara ya Rumonge hupita sambamba na Ziwa Tanganyika, watu wengi huijua mvua ya mawe kwa kusimuliwa tu. Ziwa liko kwenye kimo cha mita zipatazo 774 kutoka usawa wa bahari, joto halipungui mwaka mzima, na kipande cha barafu kinachoanguka kutoka mawinguni aghalabu hugeuka tone la maji kabla ya kugusa bati la nyumba. Hata hivyo malori ya Ruziba hayalali Ruziba kila siku. Hupanda milimani na ndagala, mukeke na mawese, na huteremka na viazi, kabichi na karoti kutoka soko la Bugarama, lililo umbali wa kilomita zipatazo 35 kutoka mjini na kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Huko juu barafu haina safari ndefu ya kuyeyuka.

Ndivyo lilivyopatikana lori la sajini mmoja mstaafu wa Ruziba na mkewe, katika masika ya mwaka 2024, wakati ambapo maji ya Ziwa yalikuwa yamepanda na kuwafukuza watu wa pwani majumbani mwao. Lilikuwa lori dogo la tani tatu na nusu, lililopitia bandari ya Dar es Salaam likiwa bado na harufu ya kiwandani. Halikuwa limetimiza mwaka barabarani. Nusu ya fedha zake ilitoka katika akiba ya miaka mingi ya utumishi, na nusu ya pili katika mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, mkopo ambao mama mwenye nyumba ndiye aliyeushughulikia na ambao marejesho yake aliyaandika kila mwezi katika daftari la jalada jeusi.

Lori liliporudi jioni ile, uso wake ulikuwa umejaa mabonyeo kama sufuria iliyochezewa na watoto. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa uliotoka pembeni na kukatiza mbele ya macho ya dereva. Taa moja ya mbele ilikuwa imepasuka. Sajini, aliyezoea miaka yote kukagua bunduki yake hadi mlangoni mwa mtutu, alilizunguka lori mara tatu bila kusema neno, kisha akamgeukia dereva, ambaye ni mwana wa dada yake.

"Ulikuwa unakimbilia nini?"

"Sikukimbia, mjomba. Nilisimama."

Alieleza kwamba mawe yalipoanza alikuwa akiteremka, na mawili matatu ya kwanza yalimpiga usoni mwa gari likiwa katika mwendo. Akasimama kando ya barabara. Waendesha baiskeli wawili, wale wanaoteremka na mafurushi ya ndizi kwa kasi ya kutisha, waliziacha baiskeli zao na kujitupa chini ya tela, nao wakakaa humo hadi mvua ilipopita. Kama angeendelea kwenda, asingewapata watu wale, na gari lingepigwa kwa nguvu zaidi, kwa sababu mwendo wa gari hujumlishwa na mwendo wa jiwe. Jiwe la barafu lenye upana wa sentimita mbili na nusu hushuka kwa kasi ya kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, nalo bati la kabini za siku hizi halifiki unene wa milimita moja.

"Basi kijana amefanya vema," alisema mama. "Bati hununuliwa."

Sajini hakubisha. Ni vigumu kumlaumu dereva aliyeokoa watu wawili, na ni vigumu pia kumlaumu yeyote mwingine kwa kazi ya wingu. Mvua kama hiyo imewahi kufanya makubwa kuliko kubonyeza mabati. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, nchini Tanzania, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo iliangusha nyumba za udongo na kuua watu wasiopungua 38. Wenye lori lililobonyea wanaposikia habari za Kahama huona haya kulalamika. Lakini deni la chama lilibaki pale pale, na marejesho ya mwisho wa mwezi hayakungoja.

Kesho yake mama alifungua karatasi za bima. Bima waliyokuwa nayo ni ile ya lazima, ambayo hulipa madhara ambayo gari limewatendea watu wengine; haikugusa kabisa madhara ambayo mbingu zimelitendea gari. Ili kulipwa kwa mvua ya mawe mtu hana budi awe amelipia bima kubwa, inayotaja ajali, moto na maafa ya hali ya hewa, na ada yake ni nzito. Familia nyingi zenye lori moja huiacha kwa kutumaini kheri. Ukurasa ule ukafungwa, na shauri likawa la nyumbani.

Mashauri yalikuwa mawili tangu mwanzo. Sajini alitaka lori lirudi kuwa kama lilivyotoka bandarini: lipelekwe Buyenzi, mtaa ambao mafundi wake wa magari wanajulikana mji mzima, likakandwe, lipakwe pati na kupigwa rangi kabini nzima. Mkewe alisema viazi haviangalii paa. Kwa hesabu ya daftari, bei ya kazi hiyo ilikuwa sawa na marejesho ya miezi mitatu, na mwezi wa Septemba binti yao alikuwa na ada ya mwaka wa pili katika shule ya uuguzi.

"Baba watoto, tukilipa rangi, nani atalipa shule?"

"Na tukiliacha hivi, mama watoto, nani atalinunua siku tukitaka kuliuza?"

Swali la pili halikuwa la majivuno tu. Lori lile ndilo lililokuwa dhamana ya mkopo, na chama hulipima upya kabla ya kutoa mkopo mwingine. Mama mwenyewe alikuwa ameuhesabia mkopo huo wa pili. Kwa hiyo kila upande ulikuwa unatetea fedha za nyumba, ila mmoja alizitazama za mwaka huu na wa pili za miaka ijayo.

Jambo lililowatoa hapo walilipata kwa fundi mzee wa Buyenzi, ambaye alikuwa na haki ya kutaka kazi kubwa lakini hakuitaka. Aliwaambia kwamba rangi ya kiwandani huwekwa juu ya bati lililochovywa katika dawa ya kuzuia kutu, kisha ikaokwa katika tanuri. Tabaka zote pamoja zina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini hakuna gereji ya mtaani iwezayo kuzirudishia. Pati inayojazwa katika bonyeo huanza kupasuka nyufa nyembamba baada ya muda, hasa katika gari linalotikiswa na barabara mbaya, na maji yakishapita katika ufa huo, kutu hufanya kazi yake chini kwa chini. Tena, mnunuzi mjuzi hugonga bati kwa kidole. Akisikia sauti ya pati katika kabini nzima ya gari la mwaka mmoja, hatafikiri mvua ya mawe. Atafikiri gari lilipinduka.

"Afande," alisema yule mzee, "bonyeo husema kweli. Rangi mpya itakusingizia."

Maneno haya yalimwingia Sajini kuliko hesabu zote za daftari.

Iko njia ya tatu, ambayo kwa muda mrefu imetumika katika nchi zenye magari mengi na ambayo mafundi wa Afrika Mashariki nao wanaijua: kulinyoosha bati bila kugusa rangi. Mjini Munich, Ujerumani, mvua ya mawe ya tarehe 12 Julai 1984 iliharibu nyumba zipatazo 70,000 na magari yapatayo 200,000 kwa jioni moja. Kuyapaka rangi magari yote hayo ni kazi ya miaka, na maafa ya namna hiyo yalichangia sana kuupa ufundi huu soko. Fundi huingiza chuma chembamba chenye ncha ya mviringo nyuma ya bati, akasukuma bonyeo kidogo kidogo kutoka pembeni kwenda katikati, huku akiutazama mwanga wa taa ndefu unavyojipinda juu ya rangi. Akisukuma kwa pupa, bati hutoa kipele upande wa nje, na kipele ni kibaya kuliko shimo. Pale ambapo mkono haufiki nyuma, hubandikwa kipande cha plastiki kwa gundi ya moto, likavutwa kutoka nje, kisha gundi ikaachishwa kwa spiriti. Sharti ni moja: rangi iwe haijapasuka. Ama ile habari ya kulianika gari juani na kulimwagia maji baridi ili mabonyeo yaruke yenyewe, wenye kuijaribu wameambulia kuoga, na wengine kupasua vioo.

Jumapili, baada ya chakula, familia ililihesabu lori bonyeo kwa bonyeo kwa chaki. Paa la kabini lilikuwa na 43, uso wa mbele 19, milango sita. Binti alipitisha ukucha juu ya kila moja, naye akakuta rangi imechanika mahali patatu tu, kwenye ukingo wa mfereji wa paa. Hesabu hii, ambayo haikugharimu kitu zaidi ya kipande cha chaki, ndiyo iliyoamua karibu mambo yote. Uso wa mbele wa lori lile hufunguka kama mlango wa kabati, kwa hiyo chuma cha fundi kingefika nyuma bila kubomoa chochote. Nao ndio unaoonekana na kila mtu, mpimaji wa chama akiwamo. Paa lilikuwa jambo jingine. Kulifikia kulitaka kuteremsha kitambaa chote cha dari, pamoja na nyaya zilizomo, kwa siku nyingi za kazi.

Kioo hakikujadiliwa. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Tundu dogo la pembeni laweza kuzibwa kwa utomvu maalumu, lakini ufa uliokwisha kukatiza mbele ya dereva hauzibwi. Barabara ya Bugarama ina ukungu, kona, watoto wa shule na baiskeli, na taa za gari linalokuja usiku zikiangukia ufa hutawanyika zikamfumba macho dereva. Hata askari wa barabarani asingelipitisha lori lile, na Sajini, ambaye ana wenzake wengi katika kazi hiyo, alisema hangependa kuwaomba wafumbe macho. Kioo na taa vikawekwa mstari wa kwanza katika daftari.

Mstari wa pili ukawa ile michubuko mitatu. Hiyo ilisuguliwa taratibu, ikafutwa mafuta, ikapakwa dawa ya kutu na rangi ya kopo dogo kwa brashi nyembamba, kazi iliyofanywa uani na Sajini mwenyewe kwa asubuhi moja. Mkewe aliwaondoa wajukuu uani kabla ya kopo kufunguliwa. Alifanya vizuri, na angefanya vizuri zaidi kuukataza uani kabisa kama ingekuwa rangi ya kupuliza, ile inayochanganywa na dawa ya kuikausha, kwa maana mvuke wake huumiza mapafu na kitambaa cha pua hakiuzuii.

Mstari wa tatu ulikuwa uso wa mbele. Mafuta yalikuwa haba mjini wakati huo, na lori lilishinda siku nzima katika foleni mara nyingi kuliko barabarani. Mama ndiye aliyewaza kuitumia shida hiyo: fundi aitwe katika siku ambazo lori lingekaa bure kungojea mafuta, ili kazi yake isile hata safari moja ya viazi. Fundi alikuja siku tatu, kila mara alfajiri, kwa kuwa mwanga wa jua linalochomoza juu ya milima huonyesha mabonyeo vizuri kuliko wa adhuhuri. Katika yale 19 alinyoosha 16 yasionekane tena. Mawili yaliyokuwa juu ya mkunjo wa bati yalibaki kama alama ya ndui, na moja alilivuta kwa gundi likatoka nusu. Alipunguza malipo kwa hayo matatu bila kuombwa.

Milango iliachwa. Ada ya Septemba ililipwa kwa wakati wake, na mpimaji wa chama alipokuja aliuliza habari ya paa, akaonyeshwa orodha ya chaki iliyonakiliwa katika daftari pamoja na risiti ya kioo. Alipanda ngazi, akagonga kwa kidole hapa na pale, akashuka na kuandika kwamba rangi ni ya kiwandani. Thamani aliyoiandika ilikuwa pungufu kidogo ya ile Sajini aliyoitaraji, na zaidi ya ile mkewe aliyoiogopa.

Siku hizi dereva husikiliza mawingu ya alasiri kabla ya kuondoka Bugarama, na huchukua turubai la pili lililokunjwa mara nne, la kutandika juu ya kabini mawe yakianza. Paa bado lina mabonyeo yake 43. Hayaonekani na mtu aliyesimama chini. Wanayaona watoto wa jirani tu, wakiwa wamepanda mwembe.