Yule Fundi Niliyemwandika Humu Hakuwa na Kosa

Leo sina ubuyu wa msanii wala wa mchezaji. Ubuyu wa leo ni wangu mwenyewe, na nimeuandika mara tatu nikafuta.

Mnaikumbuka ile posti ya fundi pikipiki wa huku kwetu Kipatimu, jina kapuni, niliyesema kanifungia gasketi kienyeji akaniua biashara? Mlicheka sana. Kwenye maoni mmoja wenu akamtaja kwa jina la utani. Sasa Kipatimu sio Dar, hapa hata usipotaja jina mtu anajulikana. Haikupita muda kijiwe chake kikawa cheupe, vijana wanapeleka pikipiki kwingine.

Kiukweli mambo hayakuwa vile.

Pikipiki ninayoendesha ni ya mkataba. Kila siku napeleka hesabu ya 10,000 kwa tajiri, mkataba ukiisha chombo kinakuwa changu. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili tu. Kazi yangu kubwa ni kushusha machungwa Njia Nne na kurudi na abiria, na anayevijua vilima vya Matumbi anajua injini inavyolia kule. Ikaanza kukosa nguvu. Oili nyeusi inachuruzika pale hedi inapokalia silinda, na ukipiga kiki unasikia upepo unatoka pembeni, chaf chaf.

Fundi akafungua, akaweka gasketi mpya, akafunga. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, nirudi kesho yake injini ikiwa ya baridi akaze nati tena, maana gasketi mpya ikishapata moto inakaa chini na nati zinalegea kidogo. La pili, nisiimwagie maji ikiwa ya moto. Nikajibu "sawa mjomba" huku akili ipo kwa abiria.

Sikurudi. Siku ya nne nimepandisha kilima na mzigo, injini inafuka, tope jekundu limekauka kwenye yale mapezi ya silinda. Kulikuwa na dada mmoja natakiwa kumfuata (naye jina kapuni, msianze), nikataka chombo king'ae. Nikakimwagia ndoo nzima ya maji ya baridi. Kikalia tssss. Hiyo sauti naisikia mpaka leo.

Gasketi ikapasuka wiki ileile, na mimi nikashika simu nikaandika posti.

Nikaenda kwa fundi mwingine. Huyo akabandika gasketi mbili kwa pamoja na silikoni juu yake. Siku mbili, kwisha. Baadaye nikaelewa kwamba silikoni ile haiwezi kuzuia moto wa ndani ya silinda, inaungua tu, na gasketi mbili zinainyanyua hedi juu, kompresheni inashuka. Tajiri akanipa wiki moja: nisipopeleka hesabu anachukua chombo chake. Yaani mwaka mzima wa hesabu unapotea hivihivi.

Basi nikaenda kwa yule mzee usiku, nikijificha. Shikamoo mjomba. Marahaba. Akaniangalia, akaniuliza, "Leo umekuja na simu ya kuniandikia?" Sikuwa na jibu. Akasema niiingize pikipiki ndani.

Alipofungua hedi hakugusa gasketi kwanza. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha, akaweka hedi juu yake kifudifudi, akaitikisa. Ilicheza kama meza yenye mguu mfupi. Ilikuwa imepinda. Zile ndo hedi zetu, aluminiamu, ukiipoza ghafla upande mmoja inajivuta. Akatandika msasa laini juu ya kile kioo, akadondoshea mafuta, akaniambia, "Sugua wewe." Nikasugua kwa kuzungusha kama naandika namba nane, karibu saa nzima mikono inauma, mpaka uso wote wa hedi ukawa na rangi moja bila doa. Akasafisha uso wa silinda pia, akakausha na matundu ya nati, akaweka gasketi mpya moja, kavu. Nati nne akazikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, mizunguko mitatu. Hakukaza moja mpaka mwisho halafu nyingine.

Nikamuuliza kajifunza wapi. Akasema Gerezani, Dar, alipokuwa kijana, kwenye Volkswagen zile za mgongo wa kobe. Hizo nazo zinapozwa na upepo kama pikipiki zetu, na ni ngumu, ilishinda hata mbio za Safari za 1962 zilizozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwenye nyingi zake hakuna gasketi kabisa kati ya silinda na hedi, ni chuma kinakaa juu ya chuma. Hedi moja inafunika silinda mbili na ina nati nane, zinakazwa kwa mpangilio maalumu. Uso usipokaa sawa huna cha kuziba nacho. Ndo maana yeye anaanza na uso, gasketi baadaye.

Akanionesha na tope kwenye mapezi. Injini zetu hazina rejeta, upepo ukizibwa pale joto linabaki kwenye hedi, na oili ikipungua ndo mbaya zaidi kwa sababu nayo inasaidia kupoza. Nilikuwa naosha tope wakati mbaya, halafu oili siangalii.

Akapaka povu la sabuni pembeni ya hedi, nikapiga kiki mara kadhaa. Hakuna hata tone lililopuliza. Ikawaka.

Pesa ya ufundi aliikataa, akachukua ya gasketi tu. Hilo ndo limeniuma kuliko angenitukana. Nilipotaka kumuomba msamaha akasema yeye hana simu ya intaneti, waliosoma ndo niwaambie.

Ndo nawaambia. Posti ile nimeifuta jana, na yale maoni yenye jina pia. Najua kuna skrinishoti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya bodaboda kuanzia hapa mpaka Somanga, kwa hiyo kila mwenye nayo naomba aitume hii palepale alipotuma ile. Mimi kesho alfajiri nipo kwake, injini ya baridi, akaze tena.