Mayai na Maandazi Mawili

Kila aliyejifunza kutunga anajua kwamba kuhesabu herufi si kuhesabu mizani. Neno "mtoto" lina mizani tatu, kwa kuwa "m" yake husimama peke yake. Neno "mbogo" lina mizani mbili, maana "m" yake imeungana na jirani. Herufi ni ile ile, hesabu ni mbalimbali.

Kemia, somo nililolifundisha hadi kustaafu, nayo ina mizani yake. Andika CO, kwa herufi kubwa mbili, nawe umetaja atomu mbili, moja ya kaboni na moja ya oksijeni: ndiyo hewa ya sumu itokayo katika jiko la mkaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa. Andika Co, "o" ikiwa ndogo, nawe umetaja atomu moja tu ya kobalti, ambayo ni metali.

Mwaka 1991 nilikuwa nikifundisha Kidato cha Pili katika shule moja ya bweni mkoani Morogoro. Siku moja niliandika ubaoni fomula ya mbolea ambayo wakulima wetu huiita SA: (NH₄)₂SO₄. Nikauliza, kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, ina atomu ngapi? Binti mmoja, aliyesifika shuleni kwa kutotunga ubeti guni hata mara moja, alinyoosha mkono akajibu: 14. Nikacheka. "Mtunzi wetu kumbe hajui kuhesabu!" Darasa zima likacheka pamoja nami. Akaketi.

Usiku, nilipokuwa nikisahihisha madaftari, nilikuta hesabu yake: naitrojeni 1, haidrojeni 8, salfa 1, oksijeni 4. Yote yalikuwa sawa isipokuwa naitrojeni. Ile 2 iliyo nje ya mabano aliizidisha kwa haidrojeni peke yake. Pembeni, kwa penseli na kwa Kiswahili, alikuwa ameandika: "mayai na maandazi mawili".

Niliweka kalamu chini. Mtu akiagiza mayai na maandazi mawili, muuzaji atafunga maandazi mawili, kisha atauliza, "Na mayai mangapi?" Idadi hushikamana na jina lililo jirani nayo. Binti yule hakushindwa kuhesabu. Aliisoma fomula kwa sarufi aliyokulia nayo, na akaisoma kwa uangalifu kuliko wengi waliopata 15 kwa kukariri. Mimi ndiye niliyetaja mabano bila kueleza kazi yake, tena katika lugha ambayo hakuwa amesomea hata miaka miwili.

Kesho yake nilichora ubaoni mifuko miwili, kila mmoja una yai 1 na maandazi 4. Mabano, nikawaambia kwa Kiswahili, ndiyo mfuko. Tarakimu iliyo nje huhesabu mifuko, si andazi la mwisho. Pasipo tarakimu, hesabu moja. Basi mayai ni 2 na maandazi ni 8. Naitrojeni 2, haidrojeni 8. Ongeza salfa 1 na oksijeni 4, jumla ni 15. Nikaona nyuso zikikunjuka.

Kisha nikamwomba radhi mbele ya wenzake. "Haidhuru, Mwalimu," akasema, macho yake yakiwa juu ya dawati.

Tangu siku hiyo hakukosea tena hesabu ya atomu. Lakini mkono wake haukunyooka tena katika kipindi changu, hadi alipomaliza Kidato cha Nne.

Nawaandikia haya ninyi wapenzi wa lugha kwa sababu fomula nayo ni sentensi, na anayeikosea huenda ameisoma kwa kanuni nyingine iliyo halali. Mwanafunzi akikosa, swali la kwanza ni hili: "Umesomaje?" Mimi nililipata swali hilo usiku, wakati nililihitaji asubuhi yake.