Ndege wa Kioo Katika Nchi ya Baridi

Riihimäki ni mji mdogo wa Ufini, ulioko kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Helsinki. Humo imo Makumbusho ya Vioo ya Ufini, katika jengo ambalo zamani lilikuwa la kiwanda cha vioo. Tulifika hapo watu wa nyumba moja, bibi, wazazi na watoto, tukiwa wageni wa jamaa zetu waishio nchi hiyo.

Miongoni mwa mafundi mashuhuri wa vioo wa nchi hiyo ni Oiva Toikka, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019. Mwaka 1963 alijiunga na kiwanda cha Nuutajärvi, kilichoanzishwa mwaka 1793. Zama hizo wabunifu wengi wa Ufini walipenda vyombo vyepesi visivyo na mapambo mengi. Yeye akapenda rangi na wingi. Mwaka 1969 alitengeneza Lollipop Isle, vijiti vya kioo vyenye vichwa vya mviringo vya rangi, mfano wa peremende za watoto. Kuanzia mwaka 1972 wakafuata ndege wa kioo, aina mamia kadhaa. Kiwanda cha Nuutajärvi kilifungwa mwaka 2014, lakini ndege wake wangali wakitengenezwa katika kijiji cha Iittala.

Ndege hawa ni kazi ya pumzi na mikono. Mchanga, magadi na chokaa huyeyushwa katika tanuri lenye joto lipitalo digrii 1,000. Fundi huchovya ncha ya bomba refu la chuma, huchota tonge la kioo linalowaka kama kaa la moto, kisha hupuliza na kulizungusha bila kutua, kwani akisita tonge hulegea na kuharibika. Kobalti huleta rangi ya buluu, na shaba huleta feruzi na kijani. Mwisho ndege hupozwa polepole. Akipoa ghafla hupasuka.

Dukani, binti yetu mdogo alisimama mbele ya ndege wa buluu akaomba anunuliwe. Bibi akamwambia kwa upole: "Mjukuu wangu, uzuri wake nauona, lakini sanamu ya chenye roho haiingii nyumbani mwangu." Mama wa mtoto akasema kwa sauti ya chini kwamba ni pambo tu, wala hakuna atakayelitukuza. Wanavyuoni wamelieleza jambo hili kwa marefu, nasi hatukuwa na elimu ya kuamua pale dukani. Kilichotuelemea ni machozi ya mtoto upande huu, na heshima ya mzee upande wa pili.

Bibi mwenyewe ndiye aliyefungua njia. Aliinua sahani ya Kastehelmi, aliyoibuni Toikka mwaka 1964. Jina hilo kwa Kifini ni lulu ya umande. Kioo kinachoshindiliwa katika kalibu hubaki na alama za maungio. Toikka alikizungushia matone ya kioo, safu baada ya safu, alama zikapotea ndani ya pambo. "Hii ina lulu," Bibi akasema, "nasi tutaitilia tende." Binti akaanza kuhesabu matone, akachanganyikiwa, akaanza tena.

Sahani hiyo leo imo kidakani, na hutoka kila wakati wa futari. Mama hajabadili rai yake, wala Bibi hajabadili yake, na mazungumzo yao hayajapata kuvunja adabu. Binti naye hajamsahau ndege wa buluu. Kila anapomtaja, Bibi huvaa buibui lake, humshika mkono, wakashuka ufuoni maji yakiwa yametoka, kuwatazama membe na korongo wakitafuta riziki yao matopeni.