Mlima Kenya Usiku na Mkono Usiotulia

Ukitoka Nairobi kwenda Nyeri mchana, huenda usiuone Mlima Kenya hata kidogo. Mara nyingi mawingu huufunika kabla ya saa sita. Usiku mambo huwa mengine. Zipite taa za mji wa Nyeri, ushukie Naro Moru, au ufike Nanyuki kwenye mstari wa Ikweta, ungoje mbalamwezi. Mawingu yakiondoka, Batian na Nelion hujitokeza waziwazi.

Hapo ndipo wengi huharibu picha. Mimi nilimaliza filamu nzima ya picha 36 kamera ikiwa mkononi. Ziliposafishwa, kila kilele kilikuwa na pacha wake! Nikailaumu kamera, kumbe ni mimi niliyekuwa nikitetemeka kwa baridi.

Usiku mwanga ni haba, hivyo kamera hukaa na jicho wazi muda mrefu, pengine sekunde 10. Nani awezaye kutulia kama jiwe muda wote huo, sembuse katika baridi ya Julai? Flashi izime, kwani mwanga wake hufika hatua chache tu.

Kama huna stendi ya miguu mitatu, njiani pitia soko la Karatina ununue kilo mbili za maharagwe. Yatie katika mfuko wa kitambaa, usiujaze sana, uuweke juu ya ukuta au jiwe, kisha uilaze kamera juu yake. Maharagwe yataikumbatia. (Kesho yake pika githeri, hakuna hasara.) Iepuke roshani ya mbao, maana mtu akipita nyuma yako sakafu hutikisika. Usibonyeze kitufe na kuendelea kukishika. Itege kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 2 au 10. Hata simu ni vivyo hivyo.

Safari hii usiiahirishe sana. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na bado inayeyuka. Wanao huenda wakaiona pichani tu.

Basi piga tatu au nne, na kabla ya kuondoka uikuze picha uitazame ncha ya Batian. Ikiwa ina pacha, rudi kwenye maharagwe.