Mshahara wa Mjini na Mshahara wa Nyumbani

Watu wengi hupima kazi kwa shilingi zilizoandikwa katika barua ya kuajiriwa, wala hawaulizi shilingi hizo zitanunua nini mahali zitakapotumiwa. Ndiyo maana kijana wa Vihiga, akisikia kwamba kibarua wa Nairobi hulipwa karibu maradufu ya kibarua wa kijijini kwao, hufunga mzigo wake upesi. Yafaa kijana huyo aketi kwanza na kalamu na karatasi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Tofauti hiyo imewekwa na sheria yenyewe. Katika Kenya mishahara ya chini kabisa hupangwa kwa mahali. Miji mikubwa ina kiwango chake, miji iliyokuwa manispaa ina chake, na sehemu nyingine zote zina chake. Kwa amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, kibarua wa Nairobi, Mombasa au Kisumu aliwekewa Sh. 16,113 kwa mwezi. Wa miji iliyokuwa manispaa Sh. 14,866, na wa sehemu nyingine Sh. 8,596, senti zikiachwa. Kibarua wa mashamba ya kilimo alikuwa chini zaidi, kwa Sh. 7,997. Tena, mwajiri asiyempa kibarua wa kawaida nyumba ya kukaa hutakiwa kumwongezea asilimia 15 kwa ajili ya kodi.

Basi na ipigwe hesabu. Pamoja na fedha za nyumba, kijana wa Vihiga atapata kama Sh. 18,530 akiwa Nairobi, na kama Sh. 9,885 akibaki kijijini. Tofauti ni Sh. 8,645. Akipanga chumba kimoja kwa Sh. 4,500, na akilipa nauli ya Sh. 100 kila siku kwa siku 26 za kazi, yaani Sh. 2,600, tayari Sh. 7,100 zimekwisha. Katika ile tofauti iliyomtoa kwao, zimebaki Sh. 1,545 tu. Kwa hizo anunue makaa, maji na mboga, vitu ambavyo kwao huenda alivipata kwa jembe, kuni na kisima. Bado hajamtumia mama yake kitu, wala hajapanda basi la kurudi nyumbani mwezi wa Desemba. Si ajabu kwamba alfajiri wafanyakazi wengi wa Nairobi huonekana wakienda kwa miguu mpaka sehemu ya viwanda, mvua iwe au jua, ili nauli igeuke chakula cha jioni.

Tena miji yenye mshahara mmoja haina gharama moja. Sheria humpa kibarua wa Kisumu sawa na wa Nairobi, lakini kwa mtu wa Vihiga Kisumu ni karibu. Aweza kwenda nyumbani mwisho wa juma na kurudi na mahindi na ndizi, na akiugua jamaa zake humfikia siku hiyo hiyo. Jambo hili halionekani katika barua ya kuajiriwa, nalo ni sehemu ya mshahara.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba aliyebaki nyumbani amestarehe. Mshahara wake mdogo umejengwa juu ya fikira kwamba ana shamba la kumlisha. Mwenye shamba la kutosha aweza kuishi hivyo. Lakini Vihiga watu wamesongamana, na ardhi imegawanywa baba kwa mwana hata wengine wamebakiwa na kipande kisichowalisha mwaka mzima. Mtu huyo hununua mahindi dukani kama mtu wa mjini, naye analipwa nusu. Wala sabuni, sukari na mafuta ya taa havipungui bei kwa sababu mnunuzi yuko mbali. Bei za juu za petroli, zinazotangazwa kila mwezi kwa kila mji, huonyesha wazi: Mombasa, penye bandari, huwa chini kabisa, na Mandera, mwisho wa barabara, huwa juu kabisa. Lakini Mandera haimo katika daraja la kwanza la mishahara.

Fikira hiyo ya shamba ni ya zamani. Wakati wa ukoloni ilitumiwa kwa watu wa mjini. Ilisemwa kwamba mfanyakazi wa Kiafrika alikuwa mtu peke yake, na kwamba mke na watoto walilishwa na shamba nyumbani. Basi alipwe ya kumtosha yeye tu. Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa ajili ya mishahara na ughali wa maisha. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa F. W. Carpenter, ilionyesha kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi hawakupata mshahara wa kutosha mahitaji yao ya lazima. Kamati hiyo ilishauri kwamba mshahara wa mtu mzima upandishwe kidogo kidogo mpaka utoshe jamaa yake pia.

Fikira iliyokataliwa mjini imebaki kijijini. Kwa hiyo kijana anayetaka kusafiri na ahesabu kitakachobaki mkononi, si kitakachopita mkononi. Na mwajiri wa kijijini, kabla ya kusema kwamba mtu wake ana shamba, na aende akaliangalie shamba hilo, aone kama latosha kupanda mahindi ya miezi mitatu.