Wacheni kuniuliza apu ya duka la anti iko wapi

Kila nikiposti video ya duka la anti, lazima msee mmoja aulize: "Buda, si ulisema umetengeneza sistimu? Apu iko wapi?" Apu haiko. Kuna jedwali moja la Google Sheets, simu mbili, makapeni nyeusi na rola ya masking tepu. Hiyo ndiyo sistimu. Na leo nataka kuitetea, kwa sababu vijana wengi tunaanza na apu kabla hatujajua duka lenyewe linapotezea pesa wapi.

Duka liko Litein, mlango mmoja, si mbali na steji. Anti anauza mitumba: jaketi, sweta, hudi, jinzi kidogo. Huku Kericho tuko juu, kuna baridi, na mvua haiulizi mtu, kwa hivyo jaketi nzuri haikai. Beli la kilo 45 linatoka Gikomba, linafunguliwa, vitu vinachaguliwa. Zile safi kabisa ni kamera, zile za mwisho mwisho ni fagia, na katikati ndiko riziki iliko. Kamera zinaisha siku hiyo hiyo hata bila mtu kujaribu. Fagia unauza kwa kulia.

Sasa shida ya programu nyingi za maduka ni kwamba zimetengenezwa kwa vitu vyenye mapacha. Baakodi ya kwanza kuskaniwa dukani ilikuwa kwenye pakiti ya chingamu ya Wrigley's, tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, Marekani. Ile mistari haikusema ni pakiti gani hasa, ilisema tu ni aina gani. Hadi leo ni hivyo. Pakiti zote za unga wa kilo mbili wa kampuni moja zina namba moja, na duka linachotaka kujua ni zimebaki ngapi. Mtumba hauna pacha. Ile jaketi ya kijani yenye zipu ya shaba iko moja tu Litein nzima, na ikitoka imetoka. Ukiiandika "jaketi, 34" hujaandika kitu. Ni ipi? Ilitoka beli gani? Ilianza kwa bei gani?

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na watu wa nyumbani bado wanaongea kuhusu hiyo stori. Lakini kitu kimoja nilitoka nacho darasani ni kwamba kila rekodi lazima iwe na namba yake, isiyofanana na nyingine yoyote. Hiyo ndiyo niliichukua nikaipeleka kwa mitumba. Beli likifunguliwa, kila nguo inapewa kipande cha tepu kwa ndani, karibu na lebo ya shingo, na namba imeandikwa kwa makapeni: 3-047, yaani beli la tatu, nguo ya arobaini na saba. Kwa jedwali kuna namba, picha, aina, bei ya kutaja, bei ya mwisho, nani ameuza, na safu moja inayosema nguo iko wapi sasa.

Bei mbili, ndiyo. Mtu akikuuzia programu ya duka yenye nafasi ya bei moja tu, jua hajawahi kununua sweta sokoni. Anti anataja 900, mteja anasema 400, wanacheka, wanaulizana habari za ng'ombe, inaenda kwa 650. Usipoandika zote mbili huwezi kujua ni nani anabembelezwa haraka.

Intaneti pia. Huku mvua ya mawe ikianza kupiga mabati hata kuongea kwa simu huwezi, na stima huenda ikapotea hadi asubuhi. Ndiyo maana nilipenda Google Sheets: faili ukiiruhusu, unaandika bila mtandao, na mtandao ukirudi inajipeleka yenyewe. Hakuna aliyenilipa kusema hivyo.

Lakini si baridi wala mapacha yaliyofanya nianze. Nilianza kwa sababu dada anayeuza dukani alikuwa karibu kufutwa.

Anti alikuwa na kitabu cha Kasuku. Kila jioni anaandika mauzo, kila mwisho wa mwezi anaangalia rafu, na kila mwezi nguo zilizotoka hazikufanana na pesa zilizoingia. Miezi mitatu mfululizo. Akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Lakwet, huyu msichana atanimaliza."

"Anti, umemwona akichukua?"

"Nimwone wapi? Mimi niko shambani nachuma majani. Ni yeye yuko huko."

Dada huyu ana mtoto. Anatoka mbali kwa miguu. Na mji wetu ni mdogo, ukifutwa na stori ya wizi hakuna duka lingine litakuchukua, hata la kuuza mandazi. Nikamwomba anti anipe mwezi mmoja kabla hajasema neno. Akakubali shingo upande, akaniambia akipata hasara ya nne ataipeleka kwa hesabu yangu.

Mwezi huo ulikuwa Septemba. Tulifungua mabeli matatu, nguo 402, kila moja na tepu yake. Dada aliandika kila kitu kwa simu, na kusema ukweli alikuwa na kasi kuniliko. Siku ya mwisho tukahesabu. Zilizouzwa, 268. Zilizo kwenye rafu, 73. Ukitoa unapata 61 ambazo haziko. Anti akanitazama, hakusema kitu. Dada naye alikuwa anaangalia sakafu.

Basi tukaanza kutafuta namba moja moja, hizo 61 tu. Thelathini na nane tulizipata kwenye magunia mawili chini ya meza. Hizi ni za "niwekee". Mteja anakuja, anapenda koti la 800, anaacha 200, anasema atamaliza mwisho wa mwezi. Kwa Kasuku ile 200 ilikuwa inaandikwa kama mauzo. Kwa hivyo kitabu kilikuwa kinaona koti la 800 limeuzwa 200, na rafu inaona koti halipo. Fanya hivyo mara 38 uone kama hutahisi kuna mwizi.

Kumi na tisa zilikuwa madeni. Hapa ndipo kulikuwa na kimya kirefu, kwa sababu 14 kati ya hizo alizitoa anti mwenyewe: wa chama, wa kanisa, jirani wa mpakani. Alizibeba Jumamosi jioni, akapeleka nyumbani kwa watu, na zote zilikuwa kichwani mwake. Zilizobaki ni nne. Hizo nne hatujazipata hadi leo, na kwa duka lenye mlango mmoja siku ya soko, nne naweza kuishi nazo.

Anti hakuomba msamaha kwa maneno. Alimnunulia dada viatu vya mvua, akamwambia "kongoi" mbele yangu, na kwa mama wa kizazi chake hiyo si kitu kidogo.

Mtu wa Nairobi atauliza kwa nini anti asikatae madeni. Ni kwa sababu kalenda ya pesa huku ni ya majani chai. Mkulima wa KTDA analipwa kidogo kidogo kila mwezi kulingana na kilo, halafu bonasi inakuja mara moja kwa mwaka, kawaida karibu na Oktoba. Na ya wakulima wa huku magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida ni ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, ugomvi ambao si wa posti hii. Mtoto anahitaji sweta ya shule Mei. Ukikataa deni la Mei, Oktoba huyo mama anapita mlango wako akienda kwa jirani.

Kwa hivyo hatukufuta madeni. Safu ya "iko wapi" ina majibu manne: rafu, imewekwa, deni, imeuzwa. Iliyowekwa haihesabiki kama mauzo hadi shilingi ya mwisho iingie. Na deni lina tarehe, na jina la aliyeitoa, hata kama ni mwenye duka.

Jambo moja bado linanisumbua. Orodha ya nani anadaiwa nini sasa iko kwa simu, na simu hupotea. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata bila sheria, hapa jina lako likionekana kwenye deni la jaketi, stori itafika nyumbani kabla yako. Nimeondoa majina nikaweka namba, na majina yenyewe yako kwa kitabu cha Kasuku, kimefungwa kabatini. Anti alifurahi sana Kasuku kupata kazi tena. Kisha akaniuliza polepole kama ile safu ya deni inaweza kufichwa dada asiione, kuna mtu wa kanisani ambaye hataki ajulikane.

Nilimwambia hapana. Dada ndiye anaijaza.